Fundo la Sanduku la Tatu

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu kwenye uwanja wa michezo jijini, ule wenye mashine za kuzungusha watoto mpaka wasahau majina yao. Akachagua ndefu kuliko zote, mkono wa chuma unaompaisha mtu juu, unamgeuza kichwa chini miguu juu, kisha unamrudisha ardhini akiwa amekunjamana. Sikumkataza. Nilipanda naye, maana mimi si wa kumwachia mtoto jambo ambalo mwenyewe sijalionja. Kijana wa mashine akatushushia chuma cha kutubana mapajani, kikalia "kaa!", akarudi kwenye simu yake. Nikakivuta kile chuma kwa mikono miwili. Nikakivuta tena. Nikapitisha vidole kwenye mkanda wa binti yangu, nao nikauvuta.

"Mama jamani, watu wanatuangalia."

"Waangalie tu, macho hayana pazia."

"Tumeshakagua, mama," kijana akasema bila kuinua kichwa.

"Najua, mwanangu. Na mimi nakagua. Njoo ukibonyeze hiki."

Akaja amenuna, akakikandamiza. Chuma kikashuka jino moja zaidi. Tukatazamana. 

Mashine ikaanza kunguruma, jua likaipata grisi kwenye vyuma, harufu yake ikanijaa puani. Nikasema moyoni, Bi Somoe! Bi Somoe wa pembea. Ametangulia mbele ya haki miaka mingi sasa, Mungu amlaze pema, na mimi sikuwahi kumshukuru ipasavyo. Wacha nimshukuru hapa.

Wenzangu mliokulia Mtwara mnaijua pembea ya Idi. Sisemi ile ya kamba mbili na ubao. Nasema ile ya masanduku. Magogo mawili yamesimikwa mchangani, bomba la chuma limelala juu yake, na kwenye bomba kuna mikono minne ya mbao, kila mkono na sanduku lake linaloning'inia, kila sanduku na watoto wawili. Haina umeme wala injini. Wanaume wawili wanaizungusha kwa nguvu za mabega, na ikishika kasi, wewe unakwenda juu tumbo linabaki chini. Kileleni unaona mabati ya mji mzima, na ukiwahi kugeuza shingo unaona kipande cha bahari. Kisha sanduku linaporomoka nawe, unamwita mama yako hata kama mmegombana asubuhi.

Pembea ya uwanja wetu wa Mtawanya ilikuwa ya Bi Somoe. Marehemu mumewe, fundi seremala, ndiye aliyeichonga. Siku nyingine zote za mwaka Bi Somoe alikuwa mama wa vitumbua, nyumba ya nne kutoka kwetu, na vyuma vya pembea vilikaa uvunguni mwa kitanda chake, vimepakwa mafuta ya nazi visishike kutu. Idi ikikaribia anavitoa, anavipaka grisi, na wapwa zake wawili, watu wazima waliokuwa wakipakua mizigo bandarini, wanaisimamisha pembea. Ndiyo maana alinukia nazi na grisi kwa pamoja. Mpaka leo nikinusa vitu hivyo viwili, najikuta nimekaa vizuri.

Alikuwa na utaratibu wake, na hakuna aliyeweza kuupangua. Alichana kanga zake kuukuu, akazisokota zikawa kamba pana, akaziweka kwenye beseni. Kila sanduku lilipewa kamba moja. Watoto wenyewe waliipitisha mapajani na kuifunga kwenye matundu ya pembeni, mafundo mawili. Bi Somoe alisimama juu ya ubao wa breki, ule wa kusimamishia pembea, mikono kiunoni, akaita kwa sauti ya kuuza vitumbua: "Sanduku la kwanza, mmejifunga?"

"Tumejifungaaa!"

"La pili?"

"Tumejifungaaa!"

Mpaka la nne. Sanduku moja likinyamaza, pembea haizunguki, hata umbembeleze vipi. Watoto wa uwanja mzima waliokuwa wakingoja zamu waliitikia pia, ikawa kama wimbo.

Sasa hapa ndipo penye ujinga wangu. Kwetu tulikuwa Wakristo, watu wa Njombe. Baba aliletwa Mtwara na kazi ya ualimu, na Mama kwa miaka miwili mizima aliendelea kusema kwamba hili joto litapita. Kila tulipotaka kusafiri Baba alisali, sisi tukasema "Amina", gari likaondoka, tukafika salama. Kwa akili yangu ya miaka tisa, ile "tumejifunga" ilikuwa Amina ya pembeani. Nilidhani kinachomlinda mtu ni lile jibu, ukilitoa kwa sauti na kwa moyo. Kamba niliiona kama mapambo. Hivyo ndivyo nilivyodhani. Lakini nisijipake asali: nusu nilidhani, nusu nilijua.

Idi ile Mama alitutoa mimi na mdogo wangu Neema, mwenye miaka mitano, tumevaa magauni ya Krismasi. Kwetu hatukufunga Ramadhani, lakini pilau haina dini, na asubuhi ile sahani ya Bi Somoe ilikuwa imeshafika mezani, imefunikwa kwa kitambaa, kama kila mwaka. Gauni langu lilikuwa la rangi ya maziwa, na kiunoni lina mkanda mpana wa satini wenye ua. Mama alinishika sikio mlangoni.

"Nikiona doa la grisi kwenye hilo gauni, leo utanitambua. Na Neema usimwachie mkono."

Tukapewa sanduku la tatu, la kijani. Bi Somoe akanikabidhi kamba. Loo, ile kamba! Asubuhi nzima imeshikwa na mikono ya halua, imelala kwenye grisi, imekuwa nyeusi kama kitako cha sufuria. Niliitazama, nikalitazama ua langu la satini. Neema akainua mikono afungwe, alivyozoea kuinua nikimvalisha. Nikamshusha mikono. Kamba nikaikunja, nikaikalia.

"Sanduku la tatu, mmejifunga?"

"Tumejifungaaa!" Nadhani siku ile niliitikia kwa nguvu kuliko watoto wote.

Tulizunguka mara ngapi sijui. Najua nilikuwa na furaha. Watoto chini walikuwa wakipiga kelele, "Kaza! Kaza!" na wapwa wa Bi Somoe wakakaza. Tulipofika kileleni Neema akaiona bahari. Alikuwa hajawahi kuiona kutoka juu. Akasimama anionyeshe kwa kidole, "Dada, ona!" na mimi mkono wangu ulikuwa umeshika ua, haukumshika yeye. Sanduku likaanza kuporomoka. Likayumba. Pale palipokuwa na mdogo wangu pakabaki ubao mtupu.

Bi Somoe alishamwona. Aliuacha ubao wa breki, akakimbia mpaka chini ya pembea, mahali ambapo alikuwa akituchapa tukipakaribia. Neema alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa sanduku, miguu inaning'inia, linashuka naye. Bi Somoe akalipokea sanduku kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine akamdaka mtoto. Akamwokoa kichwa. Mkono wa Neema ukatangulia chini, nikausikia ulivyolia. Na mkono wa Bi Somoe ule wa kwanza ukabanwa kati ya sanduku na gogo. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Simamisheni, simamisheni jamani, nimeshampata."

Nilishuka, kamba iko mkononi, nikaisokomeza mfukoni mwa gauni. Hakuna aliyeniona. Ndivyo nilivyoamini.

Neema alirudi kutoka hospitali mkono umefungwa plasta kuanzia begani. Baba alikuwa mtu mpole, mtu wa chaki na miwani, lakini jioni ile alikwenda uwanjani na sauti ambayo sikuijua. Nilimfuata nyuma kama mkia.

"Bi Somoe, hivi wewe unaendesha nini hapa? Machinjio?"

Bi Somoe alikuwa amekaa kwenye beseni lake alilolipindua, kidole cha kati kimefungwa kitambaa, kimevimba. Akasimama.

"Pole, Mwalimu. Mtoto anaendeleaje?"

"Usinipe pole! Nakuuliza, mwanangu alifungwa au hakufungwa?"

Nikajua ndiyo mwisho wangu. Bi Somoe akanitazama, mara moja tu, kisha akayarudisha macho kwa Baba.

"Mwalimu, kosa langu nalijua. Niliita, nikasikia jibu, nikaridhika. Sikwenda kuligusa fundo kwa mkono wangu. Hilo ni langu, silikatai."

Baba alikuwa amejiandaa kwa mabishano, akakosa wa kubishana naye. Akageuka. Usiku alimwandikia barua mwenyekiti wa mtaa, na kesho yake ikasemwa kwamba Jumamosi pembea itabomolewa, magogo yakatwe, na isisimamishwe tena. Pembea ya marehemu! Kisimani watu wakaanza kumsema. Wengine walisema Bi Somoe kachoka, kazeeka, wengine wakasema mambo ya watoto si ya kumwachia mwanamke peke yake. Vitumbua vyake vikaanza kulala. Na mimi nilikuwa nimelala kitanda kimoja na Neema, plasta yake inanigusa ubavuni, kamba iko chini ya godoro langu.

Yale macho ya Bi Somoe yalinitesa. Nilidhani ananitisha. Nilidhani anangoja siku anikamate njiani, aniseme mbele ya watu. Nilianza kupita nyuma ya mikorosho kwenda shule, nikazunguka mbali ili nisipite mlangoni kwake. Mtoto mwenye kosa humwona kila mtu polisi.

Tatizo likawa sahani. Sahani ya Bi Somoe ilikuwa bado kwetu, na mtu yeyote wa pale anajua kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Krismasi kwetu ilikwenda na maandazi ikarudi na korosho. Idi kwao ilikuja na pilau ikarudi na ndizi. Kuirudisha tupu ni kumwambia mtu kwamba ujirani umekwisha. Alhamisi Baba akaiona juu ya kabati.

"Hii bado iko hapa? Irudishwe kwao."

"Nataka nikaange maandazi kwanza," Mama akasema.

"Irudi hivyo hivyo."

"Baba Neema! Sahani tupu?"

"Tupu. Ajue."

Mama akaiosha polepole mno, akanipa mimi niipeleke, bila kunitazama usoni. Nilitoka nayo mpaka kwenye mkorosho wa kwanza. Nawaambieni, sijawahi kubeba kitu kizito kama ile sahani tupu. Nikasimama hapo, nikawaza, kesho kutwa wanakata magogo. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikarudi kwa mlango wa uani, nikachomoa kamba chini ya godoro, nikaiweka kwenye sahani, nikaifunika kwa kitambaa.

Bi Somoe alikuwa anakuna nazi kwa taabu, kidole kimesimama pembeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Neema hajambo? Analala?"

"Hajambo. Analala." Nikampa sahani.

Alifunua kitambaa. Akaitoa ile kamba, akaivuta kati ya mikono yake, akaitazama ncha hii, akaitazama na ile. Kamba iliyofungwa mafundo mawili, mtoto akaanguka nayo, huwa imechanika au ina fundo lililokaza. Ile ilikuwa nzima, haina hata fundo.

"Haijafungwa hii," akasema.

"Haijafungwa, bibi." Nikaanza kulia kwa sauti. "Nilisema nimefunga na sikufunga. Nilikuwa nalinda ua la gauni."

Nilitegemea kofi. Alinifuta kamasi kwa ncha ya kanga yake, ikaninukia nazi na grisi.

"Nnajua. Nilijua tangu siku ile, sandukuni hakukuwa na kamba ya kufungua."

"Kwa nini hukumwambia Baba?"

"Kwa sababu langu nilishasema. Lako si langu." Akaikunja kamba, akairudisha kwenye sahani, akaifunika. "Umefanya vizuri kuja. Lakini umekosea nyumba. Wa kuambiwa yuko kwenu."

"Atanipiga!"

"Huenda. Si utakuwa umeketi chini, hujaning'inia kwenye pembea? Nenda, mwanangu. Usikimbie, utaangusha sahani."

Nilimkuta Baba anasahihisha madaftari. Aliponiona narudi na sahani alikunja uso, akafunua mwenyewe. Nilisema yote nikiwa nimesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi wake. Kamba, ua, "tumejifunga", Amina, mpaka macho ya Bi Somoe. Nilipomaliza, Baba alivua miwani, akayaficha macho kwa kiganja. Hakunipiga. Nilitamani anipige, mambo yaishe.

"Na yeye alijua," akasema.

"Alijua, Baba."

"Nikamwita mchinjaji mbele ya watu, naye anajua." Akamwita Mama. "Yale maandazi. Kaanga."

Jioni tulikwenda watu wote wanne, Neema na plasta yake, sahani imejaa mpaka maandazi yanadondoka. Baba alibisha hodi, akasimama mlangoni hata alipokaribishwa.

"Bi Somoe, nimekuja kuomba radhi. Kosa lilitoka nyumbani kwangu."

"Karibu ndani, Mwalimu. Nusu lilitoka kwako, nusu kwangu. Mtoto alidanganya, na mimi nilimwamini mtoto wa miaka tisa kwa sauti peke yake, na roho nane ziko hewani. Pembea yangu, macho yangu. Usinibebee langu."

Leo nikisikia watu wakivutana, mara kosa la mwenye mashine, mara kosa la mpandaji aliyepuuza maelekezo, namkumbuka Bi Somoe na nusu yake. Wengi wetu tunaitafuta nusu ya mwenzetu. Yeye aliichukua yake kwanza, akanyamaza, akaniachia nafasi ya kuifuata yangu kwa miguu yangu. Angenitaja siku ile pale uwanjani, ningechapwa, ningesahau. Nisingejua kwamba hata mtoto ana neno ambalo watu huzungusha pembea kwa kuliamini.

Baba alikwenda kwa mwenyekiti kuomba arudishiwe barua yake. Jumamosi, badala ya shoka, alikwenda uwanjani na msumeno wa kuazima, akaanza kutengeneza vijimlango vya kufungia masanduku. Mwalimu wa hesabu! Alipima kila ubao mara tatu na bado akajigonga kidole gumba. Wapwa wa Bi Somoe walicheka mpaka wakakaa chini. "Mwalimu, sasa mmelingana na shangazi, kila mtu na kidole chake!" Naye akacheka. Kazi yangu ilikuwa kufua kamba zote za beseni kwa sabuni ya kipande, na nilizifua mpaka maua ya kanga yakaanza kuonekana.

Kidole cha Bi Somoe hakikunyooka tena. Kilipona kimepinda kwa ndani, na alipokuwa akigeuza vitumbua kilibaki nje ya kazi. Hakuwahi kukitaja mbele yangu. Mkono wa Neema nao ulipona, isipokuwa haufiki mwisho ukiunyoosha. Anao hivyo mpaka leo, na leo ni fundi cherehani, anatuvalisha wote.

Idi iliyofuata pembea ilisimama pale pale. Mimi nilisema sipandi. Nilikwenda kwa ajili ya kumsindikiza Neema, nimshike mkono wakati anatazama wenzake. Naye akanikokota mpaka kwenye lile sanduku la kijani, akapanda, akakaa, akapapasa nafasi iliyobaki.

"Panda, dada."

"Mwingine atakufunga, Neema. Bi Somoe yupo."

"Sitaki mwingine." Akainua mikono yote miwili juu, ule mzima na ule usionyooka. "Nifunge wewe."

Nikapanda. Nikaipitisha kamba mapajani petu, nikafunga fundo, nikafunga la pili. Bi Somoe alikuwa akipita sanduku hadi sanduku, ndiyo sheria yake mpya. Akafika kwetu. Akafunga komeo la kijimlango cha Baba.

"Umefunga?"

"Nimefunga, bibi."

"Nakuamini," akasema, na huku anasema, kile kidole chake kilichopinda kikaingia chini ya fundo langu, kikalivuta mara mbili. Fundo halikusogea. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake kwenye ubao wa breki.

"Sanduku la kwanza, mmejifunga?"

"Tumejifungaaa!"

"La pili?"

"Tumejifungaaa!"

"La tatu?"

Nilifungua mdomo, sauti ikakataa kutoka.  Wapwa wakangoja na mikono yao kwenye mbao. Ndipo Neema akavuta pumzi, akaita kwa nguvu zake zote, mpaka Bi Somoe akajifuta macho kwa kanga:

"Dada kanifungaaa!"